Damu ya ukoo au unga? Jinsi jeni na dawa za kulevya zinavyohusiana na uhalifu

Kijana akikamatwa na kioo cha gari mkononi, mtaa hugawanyika hata kabla polisi hawajafika. Wapo wanaomjua baba yake, na pengine babu yake, na hao hawana haja ya ushahidi: mtoto wa nyoka ni nyoka. Wengine wanamtetea kidogo, wanasema hakuwa hivi, unga, yaani heroini, ndio umemharibu. Siku hizi kuna kundi la tatu, lililoona kwenye simu kwamba wanasayansi wamegundua "jeni ya uhalifu", na sasa linauliza, kwa utani usio mtupu, kama mchumba anaweza kupimwa kabla ya posa. Si jambo geni sana. Wazee wetu walikuwa wanatuma mtu kuuliza kimyakimya kama ukoo ule una walevi, wezi au wachawi kabla ya kupeleka barua.

Utafiti wa miaka arobaini iliyopita hauwapi ushindi kamili wowote kati ya hao. Unaonyesha kwamba urithi upo, dawa zina nguvu zake, na viwili hivyo vinakutana. Lakini vinakutana kwa njia zaidi ya moja, na mabishano mengi yanatokana na kuzichanganya njia hizo.

Maneno kwanza

Jeni ni sehemu ya maelekezo yaliyomo ndani ya seli, inayouambia mwili utengeneze protini fulani. Binadamu ana jeni takriban 20,000, na karibu kila moja anayo nakala mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Zote zimeandikwa kwenye vinasaba, yaani DNA, ile inayopimwa kwa Mkemia Mkuu watu wanapogombania mtoto. Jeni moja huwa na matoleo kadhaa yanayotofautiana kidogo, ndiyo maana sote tuna jeni zilezile lakini hatufanani. Ukisoma mahali kwamba "watu wenye jeni fulani" wako hivi au vile, mara nyingi kinachosemwa ni toleo fulani la jeni ambayo hata wewe unayo.

Dawa za kulevya katika makala hii ni pamoja na pombe. Najua wengi hawapendi bia iwekwe kapu moja na heroini, lakini ubongo hausomi leseni, na tutaona kwamba kwenye suala la ugomvi na damu pombe inaongoza. Uraibu ni hali ya mtu kuendelea kutumia huku akiona inamwangamiza, kwa sababu mwili na akili vimeshazoea na vinadai.

Uhalifu ndio wenye utata kuliko yote, kwa kuwa unaamuliwa na sheria. Mwili haujui sheria. Mirungi ni mfano mzuri. Nchini Kenya ni zao halali la biashara, mkulima wa Meru anaipakia mchana kweupe na kusomesha nayo watoto. Ukivuka nayo Namanga kuingia Tanzania umebeba dawa ya kulevya na unaweza kufungwa. Jeni zako hazikubadilika pale mpakani. Kwa hiyo hakuna jeni inayoweza kuelekeza "vunja sheria", maana haiwezi kujua ni sheria ya nchi gani. Jeni inatengeneza protini. Protini hiyo huenda inavunjavunja kemikali fulani kwenye ini, au inapokea ujumbe kwenye seli za ubongo, na matokeo yake mtu anakuwa mwepesi au mzito wa hasira, mwenye papara au subira, anayelewa haraka au asiyelewa. Kutoka hapo hadi mahakamani ni safari ndefu yenye vituo vingi.

Kilevi kimoja, miili tofauti

Kwamba jeni hubadilisha namna dawa inavyofanya kazi mwilini si nadharia, na wengi wetu tumeliona bila kulijua. Wakati efavirenz ilipokuwa dawa ya kawaida ya VVU, kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, baadhi ya wagonjwa waliota ndoto za kutisha, wakapata kizunguzungu, wengine wakachanganyikiwa, na wenzao waliomeza kidonge kilekile walilala vizuri. Sababu mojawapo ni jeni iitwayo CYP2B6, inayohusika na kuiondoa dawa hiyo mwilini. Toleo lake la polepole ni la kawaida sana Afrika, na mwenye nakala mbili za toleo hilo hubaki na dawa nyingi kwenye damu.

Pombe nayo ni hivyo hivyo. Watu wengi wa China, Japani na Korea wana toleo la jeni ya ALDH2 linalofanya sumu ya kati, inayozalishwa mwili unapovunja pombe, isiondoke upesi. Akinywa glasi moja uso unamwiva, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu kinamshika. Watu wa namna hiyo huwa walevi kwa nadra kuliko wenzao, na si kwa sababu wana maadili zaidi. Madaktari huwapa walevi wanaotaka kuacha kidonge cha disulfiram ili kuleta taabu hiyohiyo kwa makusudi.

Kwa ujumla, ukilinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, unakuta takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika uraibu wa pombe inaelezwa na urithi. Hapa ndipo magazeti huteleza. "Nusu" hiyo haimaanishi kwamba nusu ya ulevi wa mjomba wako imetoka kwa babu na nusu nyingine baa. Ni hesabu ya tofauti ndani ya kundi la watu, katika mazingira fulani. Kwenye kijiji ambako pombe haijawahi kuingia, wenye jeni za hatari na wasio nazo wote ni wakavu, na hesabu hiyo haina cha kupima.

Njia nyingine ya kutenganisha urithi na malezi ni kuwafuatilia watoto walioasiliwa, waliozaliwa na watu hawa na kulelewa na wale. Nchi za Skandinavia zina rejesta za serikali zinazowezesha hilo. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2012 ulifuatilia watoto 18,115 wa namna hiyo. Kati ya wale ambao mzazi wao wa damu alikuwa na tatizo la dawa za kulevya, asilimia 8.6 walipata tatizo hilo pia, ingawa mzazi huyo hakuwalea. Kwa wengine ilikuwa asilimia 4.2. Mara mbili, kwa hiyo urithi una mkono wake. Geuza namba hizo upande wa pili, hata hivyo: zaidi ya watoto 91 katika kila 100 wa wazazi hao hawakuingia huko. Na nyumba walizolelewa zilikuwa na uzito wake, maana palipokuwa na talaka, kifo, ulevi au uhalifu, hatari iliongezeka, na iliongezeka zaidi kwa wale waliokuwa tayari na urithi mbaya.

Denmark ilikuwa imefanya hesabu kama hiyo kuhusu uhalifu wenyewe, na matokeo yakachapishwa 1984. Watoto wa kiume ambao wazazi wao wa damu na walezi wao wote hawakuwahi kutiwa hatiani, asilimia 13.5 walitiwa hatiani baadaye. Mzazi wa damu akiwa na kosa, iliruka hadi asilimia 20. Mzazi wa damu na mlezi wote wakiwa na makosa, 24.5. Kitu nilichokiona cha maana zaidi ni kwamba uhusiano huo na mzazi wa damu ulionekana kwenye makosa ya mali, wizi na mengineyo, lakini haukuonekana kwenye makosa ya kumwaga damu. Ingekuwa "damu ya ukatili" inarithiwa moja kwa moja, ungetegemea kinyume chake.

Namna dawa inavyomfikisha mtu jela

Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani Paul Goldstein alipanga uhusiano wa dawa na uhalifu katika mafungu matatu, na mpaka leo sijaona mpango bora zaidi wa kuondoa ukungu. Kuna vurugu zinazotokana na kilevi kikiwa kichwani. Kuna makosa ya kutafuta pesa ya kununulia. Na kuna yale ya biashara yenyewe, ya kugombea eneo, kudaiana, kutapeliana na kulipizana kisasi. Mauaji yaliyohusiana na dawa za kulevya mjini New York mwaka 1988 yalipochambuliwa, karibu robo tatu yalikuwa ya fungu la tatu. Waliouana walikuwa wafanyabiashara wa soko lisilo na mahakama. Jeni hapo hazina la kusema, wala kemia ya dawa.

Fungu la pili tunalijua kwa macho. Unga unafika pwani yetu kwa majahazi kutoka upande wa Makran, kwenye mpaka wa Iran na Pakistan, na sehemu yake hubaki hapahapa ikauzwa kwa kete. Teja aliyepata kete yake ni mtu mpole kupita kiasi. Ameinama kituoni, kichwa kinakaribia magoti, sigara inamuunguza vidole na hajui. Huyo hampigi mtu. Mwangalie saa chache baadaye, arosto ilipoanza: anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinamtoka, ngozi imesisimka kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linamsokota, mifupa inauma, na anajua fika kwamba kete moja tu itamaliza yote hayo ndani ya dakika. Hapo ndipo koki ya bomba la jirani inapong'olewa, na kioo cha gari, na waya, na sufuria ya mama yake mzazi, vyote vikaishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Huo ni wizi wa haraka na wa karibu, usio na akili nyingi. Anayeuita ukatili wa kurithi hajakaa karibu na mtu mwenye arosto.

Lakini hapa pia jeni zimepita, kimyakimya na mapema. Katika vijana kumi walioonja unga pamoja, si wote waliofika kwenye arosto. Baadhi yao miili yao ilinasa upesi zaidi, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kukutana. Jeni inaongeza uwezekano wa uraibu, uraibu unaleta arosto, arosto inaleta wizi. Ukiivunja kamba hiyo popote katikati, jeni inabaki kuwa kitu kisicho na madhara.

Pombe inapita njia nyingine. Yenyewe hailazimishi mtu kuiba ili anywe, au si mara nyingi, ila inalegeza sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayotuambia "ngoja kwanza". Na swali linakuwa: ikishalegezwa, kwa nini mmoja anaimba taarabu, mwingine analala, na wa tatu anavunja chupa?

Wafini na jeni ya serotonini

Jibu lililokaribia zaidi kushikika limetoka Ufini. Watafiti wakiongozwa na David Goldman wa Marekani, pamoja na wenzao wa Ufini na Ufaransa, waliwapima wafungwa 228 waliofanya ukatili wa kupindukia, wa ghafla, usio na mpango wala faida ya pesa. Matokeo yalichapishwa 2010. Walikuta jeni ya HTR2B, inayotengeneza kipokezi cha serotonini, kemikali inayosaidia ubongo kujizuia. Kwa baadhi ya wafungwa, nakala moja ya jeni hiyo ilikuwa imekatika. Maelekezo yanaishia njiani na kipokezi hakitengenezwi. Toleo hilo lilikuwepo kwa wafungwa 17 kati ya 228, na kwa watu 7 kati ya 295 wasio wafungwa waliolinganishwa nao. Ni mara tatu zaidi.

Mpaka hapo ingekuwa habari nyingine ya "jeni ya uhalifu". Kilichonishika ni kitu kingine. Wafungwa hao 17 walikuwa wamefanya makosa ya ukatili matano kila mmoja kwa wastani, na asilimia 94 ya makosa hayo yalifanyika wakiwa wamelewa pombe. Na tena, toleo hilo linapatikana kwa zaidi ya Wafini 100,000, ambao wengi wao ni walimu, madereva, watu wa kanisani, mabibi na mabwana ambao hawajawahi kumgusa mtu.

Fikiria paa la makuti. Linaweza kukaa miaka juu ya nyumba bila kisa, maana makuti si moto. Cheche iliyorushwa na upepo wa kaskazi ikitua kwenye bati inazimika. Ikitua kwenye makuti makavu, mtaa mzima unatoka na ndoo. Ukiuliza baadaye kama nyumba imeunguzwa na makuti au na cheche, umeuliza swali lisilo na jibu, na ukitaka kugawa asilimia, makuti 40 na cheche 60, unajidanganya tu. Wanasayansi wanaliita hilo muingiliano, na ndiyo njia ya pili ya kukutana. Kila kimoja peke yake hakina kishindo, vikikaa pamoja ndipo mambo yanaharibika.

Kitu cha kuangalia ni kwamba toleo hilo la Ufini limepatikana Ufini tu, kwa kuwa Wafini wametokana na kundi dogo la watu waliokaa peke yao kwa vizazi vingi. Mtu wa Tabora au Kisumu anayepiga mkewe Jumamosi usiku hawezi kujificha nyuma yake.

Jeni iliyopewa jina la vita

Jeni maarufu zaidi kwenye mada hii ni MAOA. Umaarufu wake ulianzia Uholanzi mwaka 1978, mwanamke mmoja alipokwenda hospitali ya chuo kikuu Nijmegen kuomba ushauri kuhusu wanaume wa ukoo wao. Kizazi baada ya kizazi walikuwa na uelewa mdogo na milipuko ya hasira. Mmoja alijaribu kubaka, mwingine alichoma nyumba. Mwaka 1993 daktari Han Brunner na wenzake walionyesha kwamba MAOA ya wanaume hao haikufanya kazi kabisa. Jeni hiyo ndiyo inayosafisha serotonini na dopamini zilizotumika kwenye ubongo, na kwa kuwa iko kwenye kromosomu X, kimoja cha vifurushi vya vinasaba ndani ya seli, ambayo mwanamume anayo moja tu, hana nakala ya akiba.

Hitilafu ile ni adimu mno, ni koo chache tu duniani zilizojulikana kuwa nayo. Lakini kuna toleo jingine la MAOA, linalofanya kazi kwa unyonge tu, na hilo limejaa kila mahali. Takriban theluthi moja ya wanaume wenye asili ya Ulaya wanalo. Vyombo vya habari vililipa toleo hili jina la "jeni ya shujaa wa vita", na huko New Zealand mwaka 2006 likazua ghadhabu liliposemwa linaeleza matatizo ya Wamaori. Theluthi nzima ya wanaume wa bara zima! Kama hilo ndilo linalofanya watu wawe wahalifu, magereza ya Ulaya yangekuwa makubwa kuliko miji yake.

New Zealand hiyohiyo ndiyo iliyotoa picha yenye busara zaidi. Mjini Dunedin watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni. Mwaka 2002 watafiti waliwaangalia wanaume 442 kati yao. Wenye MAOA nyonge waliolelewa vizuri hawakuwa tofauti na wengine. Wenye MAOA nyonge walioteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu ya kundi, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za ukatili. Tafiti zilizofuata hazikuafikiana zote, nyingine ziliona athari ndogo na nyingine hazikuona kitu, kwa hiyo sipendi kuona namba hizo zikinukuliwa kama msahafu. Ila mwelekeo wake unalingana na wa Ufini. Toleo la jeni lilisubiri kitu kingine.

Imani nyingine ya zamani inastahili mistari michache tu. Miaka ya 1960 ilidaiwa kwamba wanaume wenye kromosomu Y ya ziada ni wauaji wa kuzaliwa, baada ya wachache kukutwa kwenye hospitali ya ulinzi mkali huko Uskoti. Muuaji mmoja wa Chicago akatangazwa kuwa mmoja wao, alipopimwa hakuwa. Wanaume wa namna hiyo walipofuatiliwa Denmark haikuonekana kwamba wana ukatili zaidi.

Mzizi mmoja, matawi mengi

Njia ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo inaharibu hesabu za pande zote mbili. Inawezekana unga haukumfanya mtu awe mwizi, na wizi haukumpeleka kwenye unga, bali vyote viwili vimeota kwenye tabia moja iliyotangulia: papara, kupenda hatari, kushindwa kusubiri. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi wa vinasaba vya watu milioni 1.5 kuhusu mambo kama kuvuta sigara, kuvuta bangi, ulevi, kuanza ngono mapema na watoto kutotulia darasani. Zilipatikana sehemu 579 za vinasaba zinazohusiana na tabia hizo kwa pamoja, na ukizijumlisha, zinahusiana pia na kukamatwa na kufungwa. Ukisikia tena habari ya jeni moja ya uhalifu, kumbuka hiyo 579. Kila moja ina mchango mdogo mno, na zote kwa pamoja zilieleza takriban sehemu moja ya kumi ya tofauti kati ya watu. Huwezi kumpima mchumba kwa hilo. Ni afadhali umtume shangazi akaulize.

Na papara si kosa. Ileile inayomtia kijana mmoja matatani inamfanya mwingine akimbilie baharini kwenye dhoruba, afungue biashara kwa mkopo, awe beki asiyeogopa. Kwa kiasi kikubwa inategemea alikutana na nani akiwa na miaka kumi na mitano.

Tahadhari yenye historia

Wasomaji wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa wagumu kwenye mada hii. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, aliandika kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, ambamo mapambano ya ardhi yaligeuzwa kuwa tatizo la akili. Lilikuwa ni kosa la kisayansi lililovaa koti jeupe, na watu walifungwa kwenye kambi huku likitumika. Leo hakuna mtafiti wa maana anayesema hivyo, lakini sehemu kubwa ya tafiti za vinasaba nilizozitaja zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Alama zilizopatikana kwao hazihamishiki kwa Mmakonde au Mluo kama shati la mtumba.

Mahakamani nako jeni zimeshafika. Italia mwaka 2009, mahakama ya rufaa ya Trieste ilimpunguzia muuaji kifungo kwa mwaka mmoja, ikizingatia miongoni mwa mengine kwamba alikuwa na MAOA nyonge. Mwaka huohuo Tennessee, Marekani, mtu aliyekuwa akinywa siku aliyomuua rafiki wa mkewe aliepuka hukumu ya kifo baada ya wakili wake kuleta ushahidi wa jeni hiyo pamoja na mateso ya utotoni. Akafungwa miaka 32. Mimi nina wasiwasi na hoja hiyo kwa sababu inakata kuwili: jeni ikipunguza lawama, hakimu mwingine atauliza kwa nini amwachie mtu ambaye jeni yake haitabadilika kamwe.

Sheria zetu haziitaji jeni, lakini ulevi zinautaja waziwazi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 14, na ya Kenya kifungu cha 13, zinasema ulevi si utetezi, isipokuwa mtu alileweshwa na mwingine bila ridhaa yake hata asijue anachofanya, au ulevi ulimfikisha kwenye wazimu. Mahakama inaweza kuuzingatia pia inapoamua kama mtu alikuwa na nia. Aliyejinywea mwenyewe anabaki na kosa lake. Ukiisoma kwa jicho la Ufini, ina mantiki: mtu hakuchagua jeni, lakini chupa aliifungua mwenyewe, hasa kama si mara ya kwanza na anajua huwa inamfanya nini.

Pa kuikata kamba papo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ikawa ya kwanza katika bara kusini mwa Sahara ukiacha visiwa, zikafuata Mwananyamala na Temeke, Kidongo Chekundu kule Zanzibar, na Kenya ikaanza mwishoni mwa 2014 pale Mathari. Mtu anafika asubuhi, anasimama foleni dirishani, anapewa kikombe kidogo cha dawa ya maji na kuinywa mbele ya mhudumu, kesho tena. Haimpi nishai ya unga, inazuia arosto kwa siku nzima. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona wizi ukipungua kwa wanaodumu kwenye tiba, ingawa haigusi jeni yoyote wala haibadilishi ukoo wa mtu. Methadoni haifai kwa pombe wala bangi, na kwa mlevi wa gongo msaada uliopo bado ni haba.

Kwa mzazi mwenye ukoo wa walevi, jambo lililo ndani ya uwezo wake ni umri. Marekani ilionekana kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa walevi takriban mara nne zaidi ya waliosubiri hadi 20 au zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wenye papara ndio huanza mapema. Sehemu nyingine ni kwamba ubongo wa mbele haujakomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na kilevi kinaukuta bado unajengwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa asitumwe dukani kuleta bia, wala asipewe povu aonje huku wajomba wakicheka.